Dawa ya Mionzi ya Fundi Ladislas

Nyinyi wauguzi wadogo mnaoanza kazi sasa, kabla sijafika kwenye dawa ya mionzi, acheni kwanza niwaambie nilivyoaibika wiki yangu ya kwanza pale hospitali ya Gisenyi, hapa Rwanda. Nilikuwa nimetoka Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa na kusomea uuguzi, wazazi wangu wakiwa wakimbizi kule. Nikapangiwa wodi ya wanaume. Siku ya tatu akaletwa mzee ambaye mkojo ulikuwa umemziba, tumbo limekaza, jasho linamtoka. Nikamgeukia mhudumu nikamwambia aniletee mpira, upesi. Kule nilikosomea, mpira wa mkojo tuliuita mpira tu, na kila mtu wodini alielewa. Yule mhudumu alitoka mbio, akarudi amekumbatia mpira wa miguu alioukuta kwa watoto. Akanikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Yule mgonjwa, pamoja na maumivu yake, alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda.

Aliyeniokoa alikuwa muuguzi mkuu wa wodi, mzee mmoja mrefu aitwaye Karoli. Alikuja na kifaa chenyewe mkononi, akaniambia kwa upole kwamba huku wanasema sonde, na kwamba Kiswahili changu ni cha redio, kizuri kusikiliza lakini si cha kuagizia vitu. Ndiye aliyenifundisha kazi.

Karoli alikuwa na elimu moja ambayo haimo kwenye vitabu vyenu: namna ya kumuuliza mwanamume habari za mkojo. Alisema mwanamume wa huku atakuja na mgongo, na goti, na kichwa. Ukimuuliza kama ana shida ya kukojoa atasema hana, hata kama ameacha kusafiri kwa ajili hiyo. Kwa hiyo usimuulize kama ana shida. Mfunge mkono kwa kipimo cha presha, tazama saa yako badala ya uso wake, halafu umuulize usiku anatoka nje mara ngapi. Kuhesabu hakumwaibishi mtu. Kisha umuulize akisimama chooni inachukua muda gani mpaka mkojo uanze. Mzee mmoja alinijibu kwamba anaweza kusali Baba Yetu mbili, na ya tatu akaifikisha katikati. Nikaandika hivyo hivyo kwenye faili. Daktari akasoma, akatikisa kichwa, akaandika chini yake apimwe damu.

Nawaambia haya ili mjue kwamba nilifundishwa vizuri. Makosa nitakayowaeleza si ya mtu ambaye hakuambiwa.

Ladislas alikuwa fundi wa mawe, mtu wa Busasamana. Mnaijua kazi hiyo, kuta zile nyeusi za mawe ya volkano zilizozunguka nusu ya nyumba za huku. Yeye alizijenga tangu ujana, na nyingine alizijenga ng'ambo ya mpaka, Goma, ambako mkewe Vestina huvuka kila siku kuuza vitunguu na karoti. Alikuwa mtu mfupi, kifua kipana, vidole vimekakamaa kiasi kwamba kumpata mshipa wa mkono ilibidi nimpake maji ya moto. Alikuja kwenye kliniki yetu hapa Rubavu, nilikokuwa nimehamishiwa, nikiwa nimebakiza miaka michache kustaafu. Akasema mgongo unamuuma.

Mnaona mtego ulivyo. Fundi wa mawe, miaka sitini na kitu, mgongo unauma. Mimi mwenyewe nilimwambia hata kabla hajakaa vizuri, "Ni mawe hayo, mzee." Akakubali, maana naye alifikiri ni mawe. Nikampa vidonge vya maumivu na kumshauri awaachie vijana mawe makubwa. Akarudi baada ya miezi miwili, nikampa vidonge vingine. Akarudi mara ya tatu, akasema sasa maumivu yanamwamsha hata akiwa amelala tu, hajabeba kitu. Hapo Karoli angenipiga kofi la kichwa. Maumivu ya mawe hupumzika mtu akipumzika. Lakini foleni ilikuwa ndefu siku ile, ilikuwa siku ya soko, na mimi nikambadilishia vidonge.

Mara ya nne aliletwa amebebwa na mwanawe Simeoni. Miguu ilikuwa imeanza kulegea. Mkojo ulikuwa haujatoka tangu asubuhi. Nilipokuwa namwekea sonde, tayari nilikuwa najua.

Daktari alimpima kwa kidole, tukatuma damu, akapelekwa Kigali kwa picha na kwa kukatwa vipande vidogo vya tezi dume. Majibu yakarudi: saratani ya tezi dume, na imeshafika kwenye mifupa ya mgongo na ya nyonga. Alipigwa mionzi ya nje, ile ya mashine, mgongoni, miguu ikarudi. Akaanzishiwa sindano za kuzima homoni, moja kila miezi mitatu, na hizo zilikuwa zinadungwa hapa hapa kwetu.

Siku aliyokuja kwa sindano ya kwanza nilifunga mlango wa chumba. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kutoka nyumbani, nikijua maneno ya kusema, lakini nilipoanza yakatoka hovyo. Nilimwambia kwamba alikuja kwangu mara tatu na mara zote tatu nilipaswa kumuuliza swali moja ambalo nimewauliza wanaume mamia, na sikumuuliza. Nilimwambia kwamba kama ningeuliza, pengine ugonjwa ungekutwa bado haujasambaa hivyo. Nikamwomba msamaha.

Alivaa koti lake taratibu, kifungo baada ya kifungo.

"Mi nilisema ni mawe, na we ulisema ni mawe," alisema. "Tulikosea wawili, Muganga. Sasa niambie tunafanya nini."

Kuna mtu aliwahi kuniambia kwamba mgonjwa hapaswi kuambiwa makosa yetu, kwamba inamvunja moyo. Mimi sikuona hivyo. Tangu siku ile Ladislas hakuniamini kama mtu asiyekosea, aliniamini kama mtu asiyemficha, na imani ya namna hiyo ilitufaa sana baadaye.

Sindano za homoni zilimpa karibu miaka miwili mizuri. Alirudi kazini, hata kama ilikuwa kuelekeza tu kwa fimbo, jiwe hili hapa, lile pale. Mimi katikati ya muda huo nikastaafu, nikaachia kiti changu kwa Klodine, ambaye wengi wenu mnamjua. Kisha kile kipimo cha damu kinachofuatilia saratani kikaanza kupanda. Wakambadilishia dawa, kikashuka kidogo, kikapanda tena. Wakampa kemo, zile dawa kali za saratani, kule Kigali. Ilimchosha mpaka akawa hawezi kumaliza sahani ya viazi, na mifupa ikaendelea kuuma. Akawa anakunywa morfini ya maji asubuhi na jioni.

Siku moja Vestina alikuja kwangu nyumbani kutoka mpakani, karai tupu chini ya kwapa. Akasema daktari wa Kigali amewaambia kuna dawa nyingine, inatolewa Nairobi, inaingia kwenye mshipa na inabeba mionzi. Watoto wao wawili walioko ng'ambo wamekubali kuigharimia. Lakini mume hataki kwenda bila mtu anayeelewa hizo habari, na yeye mwenyewe, Vestina, hajaelewa hata neno. Mionzi si ile ile ya mashine? Sasa inaingiaje kwenye damu?

Na mimi sikuwa najua. Wakati wangu haikuwapo. Nawaambia hivi kwa sababu najua mtafika umri ambao kazi yenu itakuwa na vitu msivyovijua, na mtaona aibu. Msione aibu. Nilimpigia Klodine, Klodine akampigia daktari, na daktari, kijana ambaye nilimwona akija kwetu akiwa mwanafunzi, alinieleza kwa nusu saa nzima kwenye simu kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi. Ndivyo ilivyokuwa, kweli.

Alichonieleza ni hiki. Seli nyingi za saratani ya tezi dume zina alama juu ya ngozi ya seli yenyewe, alama ambayo sehemu nyingi za mwili hazina. Dawa hii ina vipande viwili vilivyounganishwa. Kimoja kinaitambua ile alama na kuishika. Kingine ni chembe inayotoa mionzi inayokwenda umbali mdogo sana, mdogo kuliko upana wa ukucha. Kwa hiyo inapozunguka kwenye damu, inajikusanya pale penye ugonjwa, popote ulipo, na kuuchoma kutoka karibu. Lakini kwanza mgonjwa apigwe picha maalumu kwa kitu kinachotambua alama ile ile, tuone kama ugonjwa wake unayo. Kama hauna, dawa haina kazi.

Nilipomweleza Ladislas, alifikiri kidogo akasema ni kama fundi mwenye kujua ndani ya ukuta ni jiwe gani limepasuka, analipasua hilo bila kubomoa ukuta. Nilipoirudia hiyo kwa daktari alifurahi, ila akaniomba niongeze kwamba fundi huyu hugonga pia mawe mawili matatu mazima: tezi za mate, figo, na uboho unaotengeneza damu. Niliongeza. Usimpe mgonjwa nusu nzuri ya habari peke yake.

Tukaenda Nairobi, Ladislas, Simeoni na mimi. Kwenye picha mifupa yake iliwaka madoa madoa, uti wa mgongo, mbavu, nyonga. Simeoni alipoona aligeuza uso. Kumbe yale madoa ndiyo tuliyokuwa tunayaombea, maana yalionyesha kwamba dawa itapata pa kushika. Kwenye benchi la kungojea tulikuwa na bwana mmoja kutoka Arusha, mcheshi, aliyetugawia karanga. Yeye picha yake haikuwaka. Aliambiwa atarudi kwenye matibabu mengine. Alituaga kwa kutushika mikono mmoja mmoja. Mpaka leo nikisikia mtu anaisifu dawa hii kama inamfaa kila mtu, namkumbuka bwana huyo.

Dawa yenyewe, mtashangaa, haina mambo mengi. Mtaalamu aliingia na sirinji iliyofunikwa kwa chuma kizito, ikaingia mshipani taratibu, kisha serumu, yale maji ya dripu, ya kuisafisha njia. Muda wake ni mfupi kuliko kusuka nywele. Ladislas aliuliza kama wamemaliza, kisha akauliza kama wana uhakika.

Mambo mengi yako baada ya hapo. Mgonjwa anakuwa anatoa mionzi kidogo mwilini, na hasa kwenye mkojo, kwa siku kadhaa. Anatakiwa anywe maji mengi. Akojoe ameketi ili mkojo usirukeruke, amwage maji mara mbili, anawe mikono vizuri. Nguo zake zifuliwe peke yake. Alale peke yake kwa siku chache, na akae mbali na watoto na wanawake wajawazito kwa siku zaidi. Hapo kwenye kuketi Ladislas alikuwa ametushinda wote. Choo chao ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Kabla ya safari, alimwelekeza mwanawe kujenga kiti cha mawe juu ya tundu, akakisiliba kwa saruji laini, kikawa na egemeo na mahali pa kuwekea mikono. Majirani walikuja kukitazama. Wakakiita kiti cha mwami, yaani cha mfalme.

Tulikaa Nairobi siku tatu kwanza, ndipo tukarudi kwa ndege, barua ya hospitali mfukoni. Na kweli uwanjani kifaa fulani kililia alipopita. Ofisa aliisoma barua mara mbili, akamwuliza Ladislas anajisikiaje, akampisha. Kutoka Kigali tukakodi gari, yeye nyuma upande wa pili wa dereva, dirisha wazi.

Sasa nafika kwenye kosa langu la pili.

Hospitali ilitupa karatasi ya masharti, kurasa nne za Kiingereza. Nyumbani kwa Ladislas hakuna anayesoma Kiingereza. Kwa hiyo nilikaa nikachana ukurasa wa daftari, nikaandika kwa Kinyarwanda kwa herufi kubwa, na nilijivunia ufupi wangu. Aketi chooni. Alale peke yake. Asikaribie mjamzito. Asikaribie mtoto. Vestina aliibandika mlangoni kwa gundi. Mkwe wao Solanje, mke wa Simeoni, alikuwa na mimba ya miezi mitano, akaenda kukaa kwa mama yake Nyundo. Mjukuu Keza, wa miaka mitatu, akabaki nyumbani na bibi yake Vestina. Mimi nikaenda Karagwe kwa binti yangu, nikakaa zaidi ya mwezi. Kila Jumapili nilipiga simu kuuliza kama wanafuata masharti. Vestina alinijibu kwamba wanafuata sana. Nikaridhika.

Niliporudi, nilipanda moto, yaani pikipiki, kwenda Busasamana kumwona kabla ya safari ya pili. Alikuwa amepangiwa dozi sita, moja kila wiki sita, na wiki ya sita ilikuwa imekaribia. Nilipoingia uani, Ladislas hakuwapo barazani. Nilimkuta kwenye chumba cha nyuma wanachowekea viazi vya mbegu. Kulikuwa na kitanda, kigoda na sahani yake peke yake. Keza alikuwa amechuchumaa uani, mbele ya mstari uliochorwa kwa chokaa chini, na babu yake alikuwa amekaa ndani ya mlango. Walikuwa wanacheza mchezo wa kurushiana kijiwe. Mtoto akirusha, babu anakiacha kitue, anakiokota kwa kitambaa, anakirudisha.

Nilimwuliza Vestina tangu lini wako hivyo. Akasema tangu siku ile.

"Uliandika we mwenyewe," alisema, akionyesha mlangoni. "Asikaribie mutoto. Mi nafuata vile uliandika. Na batu banaona, banasema bwana yangu iko na moto mu mwili. Hata wateja wa vitunguu wanaanza kukimbia."

Niliisoma ile karatasi yangu nzuri. Kila sharti nililiandika. Hakuna hata mahali pamoja nilipoandika mpaka siku gani. Kwenye zile kurasa nne za Kiingereza ilikuwa imeandikwa wazi: mke siku chache, mtoto wiki moja, mjamzito alale mbali wiki mbili. Mimi ndiye niliyekata. Ladislas alipaswa kuwa ametoka kwenye kile chumba mwezi mzima uliopita.

Nilikwenda nikaketi naye pale mlangoni, bega kwa bega, nikamwambia. Sikuwa na njia nyingine ya kusema. Kosa la kwanza tuligawana. Hili lilikuwa langu peke yangu. Aliuliza tu kama nina hakika kuhusu mtoto. Nikamwambia nina hakika, na kwamba nitampigia daktari mbele yake. Nilipiga, nikaweka sauti ya nje, daktari akarudia mwenyewe.

Ladislas alitoa kauli ambayo nilikuwa sijaitarajia. Akasema haendi tena Nairobi.

"Kama dawa inanitoa mu nyumba," alisema, "ni muzuri nibaki na ugonjwa yangu ndani ya nyumba."

Sikubishana naye. Mtu aliyekula peke yake wiki tano hutamshinda kwa maneno. Nilimwita Keza. Alisimama kwenye mstari wa chokaa, akamtazama bibi yake. Vestina alikuwa amejifunika mdomo kwa kitenge. Kisha akaenda, akamshika mtoto mkono, akauvuka mstari naye, na kumweka kwenye mapaja ya babu yake. Keza alianza mara moja kumchunguza masikio, kama vile alikuwa anahakikisha bado yapo yote mawili.

Tukatoka kwenda barazani. Nilimwomba Vestina apike viazi na maharage na atuletee kwenye sinia moja, mbele ya njia, mahali kila apitaye ataona. Nilikula na Ladislas kutoka sinia ile asubuhi nzima, nikimsalimu kila aliyepita kwa jina kama ninalijua, na nikimwita akae kama silijui. Wa kwanza kuketi alikuwa mwanamke anayesimamia bomba la maji, ambaye Vestina alikuwa ameniambia kwamba ndiye anayeeneza habari za moto. Alichukua kiazi kimoja. Alikaa upande wangu, si upande wa Ladislas, lakini alikaa.

Siku tatu baadaye Simeoni alinipigia kwamba baba yake ameuliza ndege ni saa ngapi. Niliandika karatasi mpya. Safari hii kila mstari ulikuwa na siku yake ya kuisha, na Vestina akaning'iniza kalenda pembeni, akawa anakata tarehe kwa kalamu nyekundu.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa nyepesi. Baada ya dozi ya kwanza maumivu yaliongezeka kwa siku chache kabla ya kupungua, na hatukuwa tumemwandaa vya kutosha kwa hilo pia. Mdomo ulimkauka, akawa anatembea na chupa ya maji na vipande vya nanasi. Kabla ya dozi ya tatu chembe za damu zilipungua, safari ikasogezwa mbele wiki tatu, na zile wiki tatu Vestina alizihesabu kama adhabu. Klodine alimpima damu kila ilipotakiwa na hakuruka hata mara moja. Kumbukeni hilo, nyinyi wa kliniki ndogo. Dawa ilikuwa Nairobi, lakini bila ile chupa ndogo ya damu iliyochukuliwa Rubavu hakuna ambaye angethubutu kumpa.

Kufikia dozi ya nne alikuwa ameacha morfini ya asubuhi. Kisha ya jioni. Kile kipimo cha saratani kwenye damu kilishuka mpaka Klodine akarudia kwa kuogopa kwamba maabara imechanganya majina. Solanje alijifungua mtoto wa kiume, na babu alimngoja siku zake alizopangiwa, kalenda ikikatwa, kisha akambeba. Baada ya dozi ya sita walimpiga picha tena. Madoa mengi yalikuwa yamezimika. Yaliyobaki yalikuwa hafifu, kama doa la chai lililofuliwa.

Daktari alimweleza bila kuzunguka kwamba hajapona kabisa, kwamba ugonjwa huu unaweza kurudi, na ukirudi watakaa tena waone cha kufanya. Ladislas alisema anaelewa. Akauliza tu kama anaruhusiwa kuinua mawe. Akaruhusiwa madogo.

Mwezi uliopita, Jumapili, mwishoni mwa misa ya parokia yao, alimwomba padri dakika tano wakati wa matangazo. Nilikuwapo, Vestina alikuwa amenialika. Alianza vizuri, akamshukuru Mungu, akawashukuru watoto wake na majirani. Padri alikuwa tayari anainuka. Ladislas akaendelea. Akawaambia wanaume wote wenye miaka hamsini na zaidi wajiulize wanatoka nje mara ngapi kila usiku, na wanasimama chooni muda gani. Akasema yeye alisema ni mawe, na ilimgharimu. Alilitaja neno mkojo mara sita, nilihesabu, mbele ya kwaya ya akina mama. Wanaume walitazama viatu vyao. Mzee mmoja nyuma yangu alikohoa kikohozi kirefu kisichokuwa na makohozi.

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi Klodine alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayejificha nyuma ya mlango. Akasema nje ya kliniki kuna wanaume kumi na mmoja kutoka Busasamana, wamevaa makoti, na kila mmoja anasema mgongo unamuuma. Akaniuliza aanzie wapi.

Nilikuwa tayari natafuta viatu. Nilimwambia awapangie viti, achukue kipimo cha presha, asiwatazame usoni, na aanze na yule aliyekaa karibu na geti, maana huyo ndiye atakayekimbia kwanza.